Madamu wa Boti na Kona Niliyoiua

Sijui alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani, wala kama aliwahi kuolewa. Kwa miaka mitatu alikuja karakanani kwangu Buyenzi karibu kila wiki, na sasa amehama mji, na katika muda wote huo sikumuuliza hata mara moja. Mke wangu, Mama Zaina, anasema huo haukuwa uungwana, ulikuwa uoga. Inawezekana. Mimi ni fundi wa vitanda na milango, shule yangu iliishia darasa la sita, na mtu anayefundisha chuo kikuu akiingia kwangu huwa natafuta kwanza mahali pa kuficha mikono. Kwa hiyo nitaandika ninayoyajua tu, na pale nitakapokisia nitasema nakisia.

Wanafunzi wake walimwita Madamu, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, miguuni amevaa vile viatu vya plastiki ambavyo watu huvaa bafuni. Siku ya kwanza nilidhani amekuja kuuza kitu.

Alikuja na wanafunzi wawili. Ornella alikuwa binti wa mtaa wa Musaga, mwembamba, asiyecheka ovyo, na kazi yake ilikuwa hesabu. Arsène alikuwa kijana wa mtaa wa Kigobe, na kazi yake, kwa nilivyoona mimi, ilikuwa kuwa mrefu. Hapo simtendei haki. Arsène ndiye aliyejua kuendesha tanga, na hilo nililielewa baadaye sana. Walikunjua mchoro juu ya kitanda cha watu nilichokuwa sijakimaliza, na Madamu akaeleza kwamba wanafunzi wake wanataka kujenga boti ya tanga, nyepesi, iendayo mbio kuliko boti yoyote pale ziwani, bila injini, bila tone la mafuta, na bila kitu chochote ambacho siku kikioza kitalidhuru ziwa. Chini yake itakuwa na mabawa mawili ya mbao. Ikishika mwendo, mabawa yataisukuma juu, nayo itatoka majini.

"Itatoka iende wapi?" nikauliza.

"Itabaki palepale, Fundi. Ila tumbo yake haitagusa maji."

"Na watu watakuwa ndani?"

"Watakuwa ndani. Ndiyo sababu tunatafuta mutu anayejua mbao."

Siku ile niliandika katika daftari langu: Watu wa chuo wamekuja. Hawana akili. Baada ya wiki mbili niliongeza chini yake: Au mimi. Yote mawili bado yako pale, sijafuta.

Kitu ambacho yeyote aliyemjua angekitaja kwanza ni mizani. Alitembea nayo mkobani, ile ya kuning'iniza ya wauza samaki, na alipima kila kitu. Kabla ya kupaka gundi alipima kopo, baada ya kupaka alipima kopo, kisha akapima brashi, ili ajue gundi iliyobaki kwenye nywele za brashi nayo imekwenda wapi. "Kila kitu kinachopanda boti kitoe sababu," ndivyo alivyokuwa akisema. Arsène aliulizwa sababu ya saa yake ya mkononi. Akajibu kwamba ni zawadi ya shangazi.

"Shangazi naye anapanda?"

Saa ikabaki nchi kavu. Siku nyingine nilikuwa nakula sambusa karibu na mlingoti, akanichukulia sambusa mkononi kwa adabu kabisa, akaipima, akanirudishia. "Gramu themanini, Fundi. Na unakula tatu." Tangu hapo nilikula nyuma ya rundo la mbao, mtu mzima mwenye wajukuu, nikisikiliza nyayo.

Hakutupa kitu. Mwili wa boti ulikuwa wa mbao nyembamba za greveliya, zimefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za mgomba, na gundi walipika wenyewe kwa mafuta ya mimea. Mara ya kwanza walipoipika, majirani walidhani nimechoma mbuzi bila kumchinja. Tanga walilishona kwa mabango ya matangazo yaliyotupwa barabarani, ndiyo maana boti ile ilikwenda na nusu ya uso wa dada mmoja wa sabuni, jicho moja na meno mengi. Hata unga wa mbao uliodondoka chini ya msumeno aliukusanya akauchanganya na gundi ya kuzibia nyufa. Mama Zaina alikuwa akiutumia unga ule kuwashia jiko. Akaniambia, "Huyu mwanamuke wako wa chuo ametuibia mpaka takataka."

Lakini nisimfanye malaika, maana mwenyewe asingependa. Alikuwa na gari kuukuu lililotoa moshi hata likiwa limesimama. Mafuta yalipopotea mjini, aliliegesha mbele ya karakana yangu, likakaa miezi, likawa kabati la michoro. Alikuja kwa miguu akiwa amelowa jasho na kutuhutubia. "Upepo iko pale, ziwa iko pale, na sisi tumepanga foleni ya esansi!" Siku mafuta yaliporudi nilipita kituoni, nikamwona yuko foleni, gari la tatu kutoka mbele. Aligeuza uso, nami nikageuza wangu. Kesho yake tukasalimiana kama watu wenye heshima zao. Aliwafokea pia wanafunzi wanaochelewa, naye hakuwahi kufika saa aliyosema. Ila akichelewa alikuwa anaomba radhi, hata kwangu, na wateja wangu wa vitanda watakwambia kwamba mimi sijafikia hapo.

Kufoka nilikokutaja hakukuwa kwa sauti. Hasira yake ilikuwa neno moja. Mwanafunzi akisema, "Madamu, minafikiri hii inatosha," yeye aliinua kidole na kusema, "Kufikiri ni muzuri. Namba?" Wengi walijikuna kichwa. Ornella peke yake alikuwa na namba siku zote, kwenye daftari lenye jalada la bluu, na ajabu ni kwamba Ornella ndiye aliyebanwa kuliko wote. Akileta namba moja aliulizwa ya pili. Hapa nakisia: nadhani alimpenda kuliko wengine, akaogopa ionekane.

Kwangu mimi mambo yalikuwa kinyume. Mimi hakunidai namba hata moja. Alikuwa anafumba macho, anapitisha ncha ya kidole juu ya mbao niliyotoka kuipiga randa, halafu anawaita wanafunzi. "Angalieni mukono ya Fundi. Mukono hii haipime, na haikosee."

Hapo ndipo ningepaswa kusema kitu. Kiko kitanda kule Bwiza nilichokitengeneza mimi, kinayumba tangu siku ya harusi, na mwenyewe ameweka kigae chini ya mguu mmoja. Lakini kusifiwa na mtu wa chuo kikuu ni kutamu, nisidanganye. Nilikwenda nyumbani nikamwonyesha Mama Zaina mkono, nikamwambia maneno yaliyosemwa juu yake. Akautazama, akasema unahitaji sabuni.

Sasa niseme habari ya kona, maana bila hiyo nitakuwa nimechora mtu nusu, na nusu niliyoificha itakuwa yangu.

Mabawa niliyachonga mimi, kwa mvule. Mchoro wa Ornella ulitaka ubavu wa mbele uwe wa mviringo, na ubavu wa nyuma, pale maji yanapoliacha bawa, uwe mwembamba na mkali kama umekatwa kwa wembe. Wiki nzima alikuwa anapima, ananirudishia, nachonga, anapima. Mwishoni akaandika jina lake kwa penseli juu ya kila bawa na kusema, "Iko sawa, Fundi. Sasa basi."

Katika kazi yetu hakuna fundi wa Buyenzi anayekabidhi kitu chenye kona kali. Kiwe kitanda, kiwe meza, kiwe kibao cha kukalia jikoni, kabla mwenyewe hajaja kukichukua unapitisha msasa kila ukingo mpaka usiweze kuuma. Tunaita kuua kona. Yule aliyenifundisha kazi alinipiga kofi kwa kuacha kona hai kwenye kiti cha msikitini. Mtoto anakimbia ndani ya nyumba, kichwa kinakutana na meza. Mama anapita, kitenge kinachanika. Kwetu hilo halihesabiwi hata kuwa kazi, ni adabu, kama kunawa kabla ya kumpa mgeni mkono. Asubuhi ya kupeleka boti Ruziba, ufukweni mwa ziwa, kwa majaribio nilikuta mabawa yako juu ya meza, nikapitisha kidole ubavu wa nyuma, ukaniuma. Nikachukua msasa. Hazikufika dakika kumi, na nilikuwa napiga mluzi. Sisemi kwamba sikufikiri ili mnihurumie. Ningefikiri, ningefanya vilevile, tena kwa uangalifu zaidi.

Ruziba walikuja walimu wawili wa chuo, wale watakaosikiliza wanafunzi siku ya kutetea kazi zao za mwisho. Mmoja alikuwa na kitabu cha kuandikia. Wavuvi nao walikuja, bila kualikwa, na hao ndio walioanza kusema.

"Eh, Fundi! Iyi mutumbwi yako inaogopa kulowa?"

"Muulize huyo dada wa sabuni!"

Arsène alishika usukani, Ornella akakaa naye. Upepo ulikuwa mzuri. Boti ilikwenda mbio, hilo ni haki yake, iliacha mitumbwi yote nyuma. Lakini haikupanda. Wakarudi, wakajaribu tena, na tena. Kila ikishika mwendo ilitoa sauti kutoka chini, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Wavuvi wakashika mbavu. "Haipande, lakini inaimba!"

Mwalimu mwenye kitabu akauliza hesabu za mabawa ni za nani. Ornella akainua mkono, maji yakimtiririka hadi kwapani. Akaambiwa, mbele yetu sote, kwamba ana wiki tatu za kuonyesha kosa liko wapi kwenye hesabu zake, au arudie mwaka. Kwao Musaga hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo. Madamu alikuwa ametazama mwanzo mpaka mwisho, mikono kifuani. Nikangoja amtetee. Akasema, "Mabawa imechongwa na mukono ya Fundi. Kosa mutafute kwenye hesabu."

Siku ile sikujua bado. Nilijua wiki iliyofuata, Ornella alipokuja karakanani kutafuta kosa ndani ya daftari la bluu, na mimi, kwa kutaka kumchangamsha, nikamwuliza kwa nini ilikuwa inaimba.

"Maji ikiachana na bawa, inafaa iachane mara moja," akasema bila kuinua uso. "Kama ubavu ya nyuma ni ya mviringo, maji inazunguka pale nyuma, inavuta, inatetemesha bawa. Inaimba. Na haiwezi kupandisha vizuri. Lakini ubavu nilipima mwenyewe, kwa hiyo siyo ile." Akaendelea kuandika. Kisha akanitazama. "Fundi, unatoka jasho."

"Ni joto," nikasema. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Nilinyamaza siku kumi. Mbili za kwanza nilijiambia sina hakika. Zile za katikati nilijiambia nitasema nikiulizwa, na mabawa yalikuwa yamefungiwa Ruziba pamoja na boti, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaangalia. Zile za mwisho sikujiambia kitu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba ninalinda ule mkono. Nilitaka Madamu aendelee kufumba macho na kuusifu. Kwa ajili hiyo binti wa watu alikuwa anakesha akitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Nikamwambia Mama Zaina. Akaweka mwiko chini.

"Unasali mara tano kwa siku, na muda ya kusema kona haipatikane?"

Nilimkuta Madamu nyumbani kwake, kibarazani, anachambua maharage. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza na habari za mvua. Nilieleza msasa, kona, mluzi, na maneno ya Ornella. Akavua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mchovu zaidi.

"Ornella alimaliza kupima, halafu we ukapitisha msasa. Nani alipima tena nyuma yako?"

"Hakuna, Madamu."

"Hakuna. Niko na mwanafunzi amepima wiki muzima, na niko na mukono haijapimwa hata mara moja. Na mi nimeamini nani?"

Nilidhani ananiuliza, nikafungua mdomo.

"Nyamaza, Fundi. Hiyo swali ni yangu." Akarudisha punje mbili za maharage kwenye ungo, akazitoa tena. "Mbele ya wale walimu. Mbele ya wavuvi. Mutoto ameshika namba mukononi, na mi namwambia kosa ni yako." Halafu sauti ikabadilika. "Na we! Umenyamaza siku tisa?"

"Kumi, Madamu. Na leo."

Akanitazama kwa muda, nadhani ili aone kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki. Akachukua simu, akapiga, akanipa. "Sema we. Mi nitasema yangu nyuma yako."

Nikamwambia Ornella yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa matusi, na vyote viwili ningevipokea. Akauliza tu, "Fundi, uliondoa milimita ngapi?"

"Sikupima."

Nikasikia kurasa za daftari zikifunguliwa.

"Kesho asubuhi niko Ruziba. Kuja na randa yako ndogo. Na usianze kitu mpaka nifike."

Madamu akanipokonya simu, akaingia nayo ndani, akarudishia mlango. Aliyoyasema siyajui. Nilisikia "nimekosa" mara moja, na "pardon" mara mbili, lakini ya pili huenda alikuwa anamwambia paka, maana kitu kilidondoka jikoni. Sikusogea karibu, ingawa nilitaka.

Siku mbili tulifanya kazi pamoja, na siku hizo Ornella alizungumza nami kwa namba tu. "Mbili." Napitisha randa. "Moja na nusu." Napitisha. "Moja." Salamu zangu alizijibu kwa kichwa. Nilistahili hivyo, na chai aliyoniletea siku ya pili sikuistahili, lakini niliinywa.

Siku mbili kabla ya kutetea kazi yake tuliishusha boti majini tena. Mwalimu mwenye kitabu alikuja peke yake, Madamu alikwenda mwenyewe kumwomba. Wavuvi walikuja wote. Madamu akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akageukia barabara, mgongo kwa ziwa.

"Madamu, boti iko huku," nikamwambia.

"Najua iko wapi. Ile siku nilitazama na macho mawili, sikuona kitu. Leo utaniambia we. Na uniambie kweli."

Kwa nini alinichagua mimi, wakati pale alikuwepo mwalimu mzima mwenye kalamu, sijui mpaka leo. Sikuwa mtu wa kuaminiwa wiki ile.

Mara ya kwanza wakapita mbele yetu wakirusha maji.

"Imepanda?"

"Bado, Madamu."

"Inaimba?"

"Haiimbi."

Wakageuza kule mbali. Arsène akavuta kamba, dada wa sabuni akajaa upepo, jicho na meno, na Ornella akajinyoosha nje ya ubavu kuisawazisha, mpaka nywele zikakaribia maji. Boti ikaja. Hapakuwa na sauti yoyote, na kimya kile kilinitisha kuliko nyigu. Mvuvi mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akaacha katikati. "Mana yanje," akasema, akimtaja Mungu. Kati ya tumbo la boti na ziwa palikuwa na nafasi, na kupitia nafasi hiyo, chini ya watu wawili waliokaa, niliona maji ya upande wa pili.

"Imepanda, Madamu."

Hakugeuka. Shingo yake tu iliinama kidogo.

"Kiasi gani?"

"Kama kiganja."

"Kiganja ya nani?"

"Yangu."

"Lete."

Nikamzungukia, nikamnyooshea mkono ukiwa na gundi na mikwaruzo yake. Akatoa mkobani utepe wa mshonaji, akaulaza juu ya kiganja changu kutoka ukingo hadi ukingo, akaurudia ili awe na hakika, kisha akamsomea namba kwa sauti yule mwalimu mwenye kitabu, aiandike. Boti ilikuwa bado haijashuka.